Karata za Mbegu: Lini Kufuata, Lini Kutupa

Kosa langu la kwanza mezani lilikuwa kufuata nikiwa na mbili na mbili mkononi, dhidi ya mtu aliyebaki na vifuniko vitatu tu vya chupa, ndivyo vilivyokuwa dau letu, mbele yake. Naliandika mwanzoni ili ninyi vijana mnaobaki na ile meza msije mkadhani nilizaliwa nikijua. Mtu yule alikuwa amepandisha hadi kumi, vikabaki hivyo vitatu. Mimi nikaishika jozi yangu ndogo kama mtu aliyeokota yai barabarani, nikalipa kumi, na hata kama bahati ingenijia nisingeweza kumtoa zaidi ya vile vitatu. Papa Alberi, aliyekuwa ananifundisha kazi ya kugawa karata, alifunika uso kwa kofia yake.

"Rama," aliniambia baadaye, "mbegu unapanda pahali iko udongo. Pale mbele yake udongo iko wapi?"

Tangu siku hiyo, katika nyumba ya Mama Rejine, karata za namna ile zikaitwa karata za mbegu. Nyinyi mmelikuta jina hilo mkadhani ni la zamani sana. Ni la siku ya aibu yangu.

Nimeacha kazi mwezi uliopita, nywele zangu bado nyeusi. Mikono imeanza kutetemeka ninapochanganya karata, na mgawaji anayetetemeka anawafanya wachezaji wadhani anajua kitu. Sitaandika namna nilivyotoka kuosha glasi hadi kusimamia meza tatu, wala nililipwa nini. Nataka kuandika juu ya uamuzi mmoja tu, kwa sababu ndio mnaoniuliza kila siku: mtu akipandisha, na wewe umeshika karata za mbegu, ufuate au utupe? Nimeandika ukurasa huu mara nyingi na kuuchana. Nisameheni kama bado haujakaa sawa.

Kwa asiyejua mchezo: kila mmoja anapewa karata mbili za siri, halafu karata tano zinafunuliwa mezani kwa ajili ya wote, tatu kwanza, kisha moja, kisha moja. Anayeongeza dau amepandisha. Anayelipa kiasi hicho ili abaki amefuata. Anayeona hapana anatupa. Karata za mbegu ni zile ambazo kwa sasa si kitu: jozi ndogo, au karata mbili zinazofuatana za rangi moja. Jozi ndogo inamngojea ndugu yake wa tatu afunuliwe mezani. Mara nyingi hafiki. Akifika, hakuna anayemtambua isipokuwa wewe, na mwenye karata kubwa anaendelea kuweka dau akidhani anashinda.

Nilianza kazi katika miaka ya vita. Treni ilikuwa imekufa, mchele wa Kibombo hauingii, mihogo ya Kailo inaletwa kwa hofu na watu wanaotembea usiku ili wasikutane na wenye bunduki. Kilichokuwa kinaingia na kutoka Kindu, mji wetu, kilikuwa kwa ndege. Ndege zilileta chumvi, sabuni na mafuta, zikaondoka na mchanga mweusi wa madini kutoka Kampene. Marubani na wanunuzi wa mchanga walilala kwa Mama Rejine, mjane mnene mwenye sauti ya mwalimu, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na jenereta na yeye mwenyewe hakuwaogopa askari. Walikuwa wanacheza mchana, kati ya chakula na jioni, maana jua likizama hakuna aliyetaka kuonekana njiani. Mama yangu, aliyeswali swala zake zote tano bila kukosa, alijua naosha glasi kwa mkristo mmoja. Glasi niliziosha kweli. Zilikuwa chache.

Siku ya kwanza nilichanganya karata mara nyingi mno hadi rubani mmoja akauliza kama ninazikanda nipike mkate. Sikuweza kuacha. Nilikuwa naamini kwamba karata ikibaki pale ilipokuwa, kosa ni langu. Meza yenyewe ilikuwa mlango wa behewa uliolazwa juu ya mapipa. Karata moja, saba ya maua, ilikuwa imepotea, na badala yake kulikuwa na kipande cha boksi la dawa kilichochorwa kwa kalamu. Mgongo wake ulionekana kutoka upande wa pili wa mto. Kwa hiyo kanuni ya nyumba ilikuwa kwamba ukipewa ile saba unaionyesha, watu wanacheka, unapewa nyingine. Nawaambia haya kwa sababu nyinyi mnalalamika karata mpya zinateleza.

Dau letu lilikuwa vifuniko vya chupa za bia. Bia haikuletwa tena, kwa hiyo vifuniko havikuweza kuongezeka, na nadhani ilikuwa fedha pekee mjini ambayo haikushuka thamani. Mwisho wa mchezo ulibadilisha vifuniko kwa Mama Rejine ukapata chumvi au sabuni. Kiti kikiwa wazi, mgawaji aliruhusiwa kukaa na kucheza vifuniko vyake mwenyewe.

Papa Alberi alikuwa karani wa stesheni kabla ya treni kufa. Mrefu, mpole, kila siku na ile kofia ya kazi isiyokuwa tena na kazi. Alinipa maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kufuata kwa karata za mbegu, na mpaka leo sijapata bora zaidi. Kwanza, nani atasema baada yako? Kama kuna watu nyuma yako, mmoja anaweza kupandisha tena, na wewe umelipa bure. Pili, wangapi wameshaingia? Wakiwa wengi, mbegu inalipa, maana yuko atakayekulisha, hata kama hujui nani. Tatu, na hili ndilo kubwa, udongo uko wapi? Angalia vifuniko vilivyobaki mbele yake na mbele yako. Ndugu wa tatu wa jozi yako anakuja kama mara moja katika nane, wakati mwingine unangoja zaidi. Basi lazima siku akifika akuletee mara nyingi kuliko ulicholipa kumngojea. Mtu mwenye vifuniko vichache, hata apandishe kwa kelele kiasi gani, mtupie karata zako na umtakie afya.

Sikuamini kwa kuambiwa. Nilikaa nyumbani kwenye mkeka, mchana kutwa, nikijigawia jozi ndogo na kufunua tatu, tena na tena, nikiweka punje ya mahindi kila alipofika ndugu wa tatu. Dada yangu mkubwa, Zaina, niliyemwita Yaya kwa ukubwa wake, alikuwa anapita na tumbo lake la mimba ananiangalia.

"Weye mudogo yangu, hizi karata ziko na deni yako?"

"Najifunza, Yaya."

"Unajifunza, ama unaumwa?"

Nikiri kwamba sijui hata sasa.

Sasa nije kwenye desturi ya vifungo, ambayo ninyi hamkuiona. Katika miaka ile kila mtu mali yake ilikuwa mahali pengine. Mnunuzi ana mifuko Kampene lakini njia imefungwa. Rubani ana mafuta Goma. Kwa hiyo Mama Rejine aliruhusu mchezaji aliyeishiwa vifuniko akate kifungo cha shati lake, akiweke mezani, na kusema kinasimama badala ya kitu gani. Mama Rejine mwenyewe alikuwa anataja bei kwa vifuniko, na anayetaka kufuata alilipa hiyo. "Hapa kwangu neno njo neno," alikuwa anasema, yaani neno ndilo neno. Na kweli, sikuwahi kuona mtu akikimbia kifungo chake. Ilikuwa kawaida kumwona mnunuzi mkubwa akirudi chumbani kifua wazi.

Zaina alikuwa karibu kujifungua wakati mkunga alipomgusa tumbo, akarudia tena. Mtoto alikuwa amelala kwa upana. Mkunga alijaribu kumgeuza siku ile na siku iliyofuata, hakugeuka. Hospitalini hakukuwa na mtu wa kupasua, daktari alikuwa ameondoka na ndege. "Mupeleke Goma," mkunga aliniambia uani, "na isipite wiki hii. Hapa nitawazika wawili."

Asubuhi iliyofuata nilimwendea Komanda. Ndivyo tulivyomwita rubani mmoja aliyekuwa anaruka Goma, kijana wa Bukavu mwenye mashati meupe na kicheko cha karibu. Aliokuwa anawabeba walikaa juu ya mifuko ya mchanga, na kila kiti kilikuwa na bei yake.

"Ndege imejaa, Rama. Mbele ya Mungu, imejaa."

"Yuko na mimba, Komanda. Ni mumoja tu."

"Kilo njo kilo. Nikiongeza moja, sote tunalala mu pori."

Mchana nikaenda kazini kwa sababu sikujua pa kwenda kwingine. Kiti kimoja kilikuwa wazi. Nikakaa na vifuniko vyangu vyote, akiba ya miezi.

Sitasahau ule mzunguko. Komanda alipandisha. Wanunuzi wawili wa mchanga wakafuata. Papa Alberi akatupa. Mimi nilikuwa wa mwisho kusema, na mkononi nina sita na sita. Nikajiuliza maswali. Nani nyuma yangu? Hakuna. Wangapi wameingia? Watatu. Udongo uko wapi? Hapo nikaangalia mbele ya Komanda, nikaona vifuniko vichache, rundo la kufunikwa kwa kiganja. Kwa kanuni niliyoipigia hesabu kwa mahindi mkekani, nilipaswa kutupa.

Sikutupa. Niliinua macho, nikahesabu vifungo vya shati lake.

Nikafuata. Nilifunua karata tatu za mezani mwenyewe, maana niligawa na kucheza: rasi, ile karata kubwa kuliko zote, mfalme, sita. Niliweka uso wangu kama sahani. Komanda akaweka dau, wanunuzi wakatupa, nikafuata polepole kama mtu anayejuta. Karata ya nne haikuwa kitu. Akasukuma vifuniko vyake vyote, akaniangalia, akaona bado nina vingi, na nadhani aliona kijana mwenye hofu anayeng'ang'ania jozi ya mfalme. Akashika kifungo cha pili kutoka juu, akakivuta hadi uzi ukakatika.

"Kiti," akasema. "Kesho asubuhi. Goma."

Mama Rejine alitaja bei. Ilikuwa karibu vyote nilivyokuwa navyo. Nikavisukuma kwa mikono miwili. Karata ya tano haikubadilisha kitu. Alifunua rasi na mfalme, jozi mbili, mimi nikafunua sita zangu, zikawa tatu, na Komanda akacheka kweli, kile kicheko chake, akanirushia kifungo kifuani.

"Huyu mutoto ni shetani. Mulete dada yako mapema."

Papa Alberi alinishika bega. "Umepanda muzuri," akasema. Alikuwa na furaha kuliko mimi.

Asubuhi Komanda alikuwa ameniambia ndege imejaa. Mchana aliweka kiti mezani. Mimi, ninayehesabu karata mara tatu kabla ya kugawa, sikujiuliza kiti kile kimetoka wapi. Nimelirudia jambo hili kichwani kwa miaka na bado linanishtua, jinsi lilivyokuwa wazi.

Kesho yake asubuhi, kwenye uwanja wa ndege kulikuwa na ukungu. Tulimpandisha Zaina kwa ngazi, mama yangu akisukuma kutoka chini na kusoma dua, tukamkalisha juu ya mifuko. Ndipo mpakiaji mmoja akaingia na kumshika mkono mwanamke aliyekuwa amejifunika kitenge kule nyuma.

"Mama, weye utashuka. Kiti yako iko na muntu."

Alishuka kwa kuburuza mguu. Mguu wenyewe ulikuwa umefungwa vitambaa hadi gotini, na harufu yake ilifika kabla yake. Nilimtambua alipogeuza uso. Alikuwa Mama Odeta, mke wa Papa Alberi. Na Papa Alberi alikuwa amesimama palepale chini ya bawa, kofia mkononi, amekuja kumuaga.

Nilikuwa najua mguu wa Mama Odeta unaumwa. Sikujua kwamba umeoza, wala kwamba Papa Alberi alikuwa ametoa baiskeli yake kununua kiti. Hakumwambia mtu. Siku zile uliyepata kiti ulinyamaza, kwa sababu akijitokeza mwenye kutoa zaidi, chako kinauzwa. Alificha hata kwetu wa mezani. Komanda peke yake ndiye aliyejua, na jana yake alikaa naye meza moja, akamsubiri atupe karata, akaweka kiti cha mke wake mbele ya macho yake.

Papa Alberi alimwangalia Komanda. Kisha akaangalia juu, mlangoni, ambapo Zaina alikuwa amechungulia. Kisha akaniangalia mimi. Mdomo wake ulifunguka kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Komanda," nikasema, "ile njo kiti ya nani?"

"Yako. Si ulishinda?"

"Ilikuwa ya nani?"

"Rama, usinichoshe. Muntu anashuka, muntu anapanda. Baiskeli nitamurudishia muzee."

"Rama!" Zaina aliniita kutoka juu. "Hii kiti uliipata wapi?"

"Kaa, Yaya."

"Nakuuliza uliipata wapi!" Na akaanza kushuka. Alishika ngazi kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, na mama yangu akapiga kelele. Nilipanda nusu ya ngazi nikamzuia kwa mwili wangu. Nilikuwa nasikia maneno ya mkunga masikioni: nitawazika wawili. Nyuma yangu Mama Odeta alikuwa amekaa chini kwenye nyasi zenye umande. Sijawahi kusimama mahali pabaya kuliko ile ngazi.

Nikasema jambo la kwanza lililonijia. Nikamwambia Komanda achukue vifuniko vyote nilivyoshinda na vyangu vya mwanzo, chumvi yote iliyo kwa Mama Rejine kwa jina langu, na mfuko mmoja wa mchanga wake mwenyewe ubaki Kindu, ili Mama Odeta apande tena.

"Mufuko na muntu si kitu moja," akasema. "Muntu iko muzito."

"Basi munipime," akasema Mama Odeta.

Alikuwa anatuangalia kutoka chini, uso umekauka. Hakulia wala hakuomba. Akanyoosha mkono ili ainuliwe. Papa Alberi akaiweka kofia kichwani, akamwinua mkewe kama bi harusi, akambeba hadi kwenye mizani ya mchanga iliyokuwa kando ya ndege, akamsimamisha juu yake kwa mguu mmoja, akimshika kwa ncha za vidole ili asiongeze uzito wake.

Mpakiaji alisogeza jiwe la mizani. Akalirudisha. Akalirudisha tena. Kila siku alikuwa anapima mifuko pale na mkono wake ulijua alama ya mfuko bila kuangalia. Mama Odeta hakuifikia.

Wapakiaji waliacha walichokuwa wanafanya. Mama yangu aliacha kusoma. Mfuko wa mchanga ni mdogo, unaubeba begani, na yule mama aliyelea watoto wanne na kutupikia sombe ya majani ya muhogo siku za sikukuu alikuwa mwepesi kuliko huo. Nilimwona Komanda akiangalia jiwe la mizani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukuwa na kicheko karibu.

"Shusha mufuko moja," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Na vifuniko nitachukua."

Alivichukua vyote. Siwezi kumpamba.

Zaina alipasuliwa Goma na akarudi na mtoto wa kiume ambaye leo ana pikipiki na ananipakia bure. Mama Odeta alikatwa mguu. Alirudi baada ya amani, kwa magongo, na alinifokea mbele ya watu kwa sababu nilikuwa nimekonda. Papa Alberi hakuja mezani kwa muda mrefu. Siku aliyorudi alikaa mahali pake, akaweka vifuniko vyake mbele, akasema, "Gawa." Niligawa. Hatukuzungumza kuhusu ngazi ile hata siku moja, na amekufa tukiwa hatujazungumza. Nilitaka aniambie kama ananilaumu. Nilikuwa naogopa atasema hapana kwa upole wake, nami nisimwamini.

Nilimwomba Mama Rejine apige marufuku vifungo. Alikataa. "Kila muntu hapa mali yake iko mbali," aliniambia. "Nikikataza, nani atacheza? Weye na mimi?" Alikuwa na haki. Vifungo viliisha vyenyewe vita vilipoisha na watu wakawa na fedha mfukoni.

Sasa mna karata za plastiki na sahani za dau zenye rangi nne. Furaha, binti anayechukua kiti changu, ana simu inayomwambia kwa kila jozi ndogo afuate au atupe, na wiki ya mwisho aliniuliza kama inadanganya. Nilikwenda nayo nyumbani, nikaijaribu mchana kutwa kwenye mkeka, umri huu wote. Haidanganyi. Hesabu zake ni safi kuliko za mahindi yangu. Ifuateni. Lakini wachezaji wenu bado ni wanunuzi na wachukuzi, na dau likiwa kubwa bado mnasikia wakisema: nina pikipiki, nina mzigo, nina nafasi kwenye gari la kesho. Mtu aliyeshika mbegu nzuri huyasikia maneno hayo kama mvua. Najua, nilikuwa nimekaa palepale.

Kwa hiyo, kilichobadilika kwangu tangu asubuhi ile ni hiki. Maswali ya Papa Alberi bado najiuliza kimya, kwa mpangilio uleule. Kisha nauliza moja kwa sauti, meza nzima ikisikia: hicho unachoweka ni cha nani? Akinijibu, nafuata. Asiponijibu, natupa karata zangu, hata ziwe nzuri namna gani.